Yah: Mteja yuko mbali, majibu yanachelewa, kazi haisogei

Habari zenu wanajumuiya,

Ninatengeneza tovuti kwa kujitegemea, na wateja wangu wengi hawako katika nchi ninayoishi. Kazi yenyewe hainishindi. Kinachonichosha ni mawasiliano. Nauliza leo, kesho najibiwa nusu, naanza kufafanua upya, wiki inakatika na ukurasa wa mwanzo bado haujapitishwa. Yupo mteja ambaye kwa siku moja hutoa maelekezo kwa WhatsApp, kwa barua pepe na kwa simu, na hayafanani. Wenzangu wa kazi hii mnafanyaje? Mnakesha ili mwende na saa zao?

-----

> Mnakesha ili mwende na saa zao?

Hapana dada, na nakusihi usianze. Mteja akishazoea kwamba saa nane usiku unajibu, siku utakayolala ataona umemtelekeza. Mweleze mapema saa zako za kazi, na ndani ya saa hizo umjibu bila kukosa.

Umbali peke yake hauchelewishi kazi kama ujumbe usiojitosheleza. Chukua mbunifu aliye London na mteja aliye Los Angeles. Kwa kawaida wanapishana saa 8, kwa hiyo mteja anapofungua kompyuta saa tatu asubuhi, mwenzake anafunga yake saa kumi na moja jioni. Ukimwandikia "naomba maoni yako kuhusu ukurasa", atakuuliza "upi?", na siku nzima imeliwa na neno moja. Kabla ya kutuma, usome ujumbe wako kwa macho ya mtu aliyeamka sasa hivi na ana mambo yake kumi. Je, anaweza kujibu bila kukuuliza chochote? Kama hawezi, haujawa tayari.

Mimi huandika namna hii (UTC ni saa ya kimataifa inayotumiwa kulinganisha saa za nchi zote):

"Muundo wa ukurasa wa huduma umekamilika, kiungo hiki hapa. Nahitaji uamuzi mmoja: fomu ya mawasiliano ikae (A) chini ya orodha ya huduma, au (B) kwenye ukurasa wake yenyewe. Napendekeza A, ili anayesoma kwa simu asihame ukurasa. Ukijibu kwa herufi tu inatosha. Nisipopata jibu kufikia Alhamisi, 12 Machi 2026, saa 16:00 UTC, nitaendelea na A. Bado tutaweza kubadilisha baadaye."

Sentensi hizo mbili za mwisho ndizo zinazookoa kazi, ila mkubaliane nazo kwenye mkataba kabla hujaanza. Na usizitumie kamwe kwa jambo lisilorudi nyuma: kufuta kitu, kununua kitu kwa fedha yake, kuhamisha domeni (jina la tovuti mtandaoni) au kuweka tovuti hewani. Hapo ngoja "ndiyo" yake ya maandishi, hata ikichukua siku tatu.

Angalia nilivyoandika tarehe. 03/04 kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi, kwa Mwingereza ni tarehe 3 Aprili, na huo ni mwezi mzima wa kutoelewana. Taja mwezi kwa jina. Saa nazo ziandike kwa mtindo wa saa 24 pamoja na UTC, au saa za mji wa mteja kama hajazoea UTC. Uwe macho zaidi mwezi Machi: Marekani husogeza saa zake mbele kwa saa moja, kwa ajili ya majira ya joto, Jumapili ya pili, Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho, hivyo kwa wiki mbili au tatu hesabu uliyoizoea inapotea kwa saa moja. Mwishoni mwa Oktoba, saa zinapoanza kurudishwa nyuma, inapotea tena kwa wiki moja. Afrika Mashariki, India na Japani hazibadilishi saa, kwa hiyo mteja aliye huko hana sababu ya kujua kwamba wewe, ukiwa Ulaya au Marekani, umebadilisha. Ni juu yako kumwambia.

Kuhusu maelekezo ya njia tatu: mpe njia moja tu ya maamuzi. Kwangu ni barua pepe. WhatsApp ni ya "nachelewa dakika kumi". Akiniagiza kitu huko sibishani naye, nakiandika upya kwenye barua pepe: "Umeomba menyu ihamie kushoto. Nitaanza ukithibitisha hapa." Simu nayo ikiisha, siku hiyo hiyo mwandikie mlichokubaliana, nani afanye nini, lini.

Halafu kuna ile "haifunguki". Usianze kukisia. Omba anwani ya ukurasa, picha ya skrini nzima, aina ya simu au kompyuta, jina la kivinjari (programu anayofungulia tovuti), na alichobonyeza kabla ya tatizo. Picha nzima huonyesha mengi ambayo mteja asingefikiria kuyataja. Mara nyingine anwani iliyo juu inakuonyesha kwamba anatazama toleo la zamani.

-----

Namuunga mkono kaka kwa mengi, ila kwa mteja mgeni mimi siandiki "nisipopata jibu nitaendelea", hata kama imo kwenye mkataba. Hajakujua bado, na maneno hayo anaweza kuyasikia kama amri. Kazi ya kwanza nampigia simu ya video, tuonane sura, anieleze biashara yake kwa maneno yake. Mtu aliyewahi kukuona anasoma barua zako kwa upole zaidi.

Baada ya hapo simu nazipunguza. Nikitaka kuonyesha muundo, narekodi skrini huku nikizungumza, dakika tatu zisizidi, naye atatazama muda wake ukifika. Maoni nataka ayaandike juu ya muundo wenyewe, pale pale kwenye kitufe anachokisema. Figma, programu ya kubunia kurasa mtandaoni, inaruhusu hilo. "Ile sehemu ya juu" katika barua pepe inaweza kuwa sehemu nne tofauti.

Na jamani, msiombe nenosiri la mteja kwa barua pepe. Mwombe akufungulie akaunti yako mwenyewe, yenye mamlaka ya kazi unayofanya tu, na kazi ikiisha mkumbushe aifute. Mnalindana wote wawili.

-----

Asanteni sana. Herufi A na B naanza nazo leo. Bado nina moja: huyu mteja wangu wako watatu. Mmoja anataka nembo ikuzwe, mwingine ipunguzwe, wa tatu anasema rangi ya maandishi ya tovuti ibadilishwe kabisa. Nimsikilize nani?

-----

Dada, usiwaamulie ugomvi wao. Waandikie wote watatu barua moja, uyaweke maoni yao pamoja kama walivyoyatoa, kisha uombe wamtaje mmoja mwenye kauli ya mwisho. Wengine waendelee kutoa maoni, lakini yapitie kwake, yakufikie kwa pamoja mara moja kwa kila awamu ya masahihisho. Idadi ya awamu iwe kwenye mkataba. Kama haimo, tuma nyongeza ya aya moja sasa, kabla hujagusa nembo.

Kuhusu rangi, hapo unacho kipimo. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, hata wasioona vizuri, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na mandharinyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5:1. Pima rangi anayoitaka, uwatumie matokeo pamoja na picha mbili, ya sasa na ya kwake, zikiwa kwenye skrini ya simu. Ikifaulu, waamue wenyewe kwa ladha yao. Ikishindwa, wapelekee rangi ya karibu yake inayofaulu, kwenye barua hiyo hiyo, ili wasilazimike kukuuliza "sasa tufanyeje?"