Singa, yaani nyuzi za katani, zinaondoka bandarini na ajira zetu, halafu tunaambiwa tushangilie soko huru

Wanajamvi, salaam.

Nina hasira na sitaificha. Majuzi nilialikwa kwenye semina ya soko huru la Afrika, ule mkataba wa nchi za Afrika kuondoleana ushuru, katika hoteli moja hapa Tanga. Kijana wa watu akatuonyesha ukutani ramani ya bara zima: watu bilioni 1.3, fursa hapa, fursa pale. Mama mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi akanyanyuka: "Mwanangu, kile kiwanda chetu kitafunguliwa?" Akaambiwa maswali yatajibiwa mwishoni. Mwishoni tukagawiwa soda na nauli. Yule mama karudi nyumbani na swali lake.

Mimi nimesokota kamba za katani miaka kumi na moja. Singa zinakuja zimeshapigwa brashi, unazilisha kwenye mashine, vumbi linakujaa kifuani, usiku nyumbani Makorora unakohoa mpaka watoto wanaamka. Lakini mwezi ukiisha kulikuwa na mshahara, na ndio uliosomesha wanangu wawili. Siku tuliyopunguzwa, mwajiri alituita uani akatwambia kamba za plastiki kutoka nje zinauzwa madukani kwa bei ambayo yeye hanunulii hata singa. Kiinua mgongo tulikifuatilia mpaka tukachoka. Mashine ziling'olewa zikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu, nami nilikuwepo zikipakiwa kwenye lori. Sijasahau.

Msije kunifundisha kwamba katani iliuawa na nailoni, na utaifishaji wa 1967, na usimamizi mbovu uliofuata. Hayo nayajua, baba yangu alikuwa mkata mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000, hakuna aliyetufikia duniani. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Wakati huo wote hakukuwa na soko huru la Afrika. Sawa.

Ila sasa mkonge umerudi kulimwa. Tembea Muheza, nenda Korogwe, utaona mashamba, na korona, zile mashine za kukamua majani ya mkonge, zinavyofanya kazi. Kinachotoka huko ni nini? Marobota ya singa. Yanateremka bandarini yanapanda meli, mengi yanakwenda China, na huko ndiko singa inakofanywa zulia, inakofanywa kamba, inakowekwa ndani ya nyaya za lifti. Sisi tunabakiwa na kukata majani juani huku miiba ikitutoboa. Na korosho yetu na kahawa yetu tunazijaza kwenye magunia ya jute kutoka Bangladesh na India! Nchi ya katani inaagiza magunia! Hili kila nikilifikiria silali.

Sasa nije kwenye mkataba wenyewe wa soko huru la Afrika, maana wengi wanaushangilia bila kuusoma. Ulisainiwa Kigali Machi 2018, Bunge letu likauridhia Septemba 2021. Nchi maskini kama zetu zinatakiwa kuondoa ushuru kwenye asilimia 90 ya bidhaa ndani ya miaka 10. Asilimia 7 ni bidhaa nyeti, zinapewa miaka 13. Asilimia 3 tu ndiyo inayoruhusiwa kubaki nje kabisa. Ushuru wetu wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa bidhaa iliyokamilika inayotoka nje ya Jumuiya ni asilimia 25, na tangu Julai 2022 baadhi zimewekewa 35. Huo ndio ukuta pekee alionao msokota kamba wa Tanga, na ndio unaobomolewa, kwa bidhaa za viwanda vya nchi kama Misri, ambazo umeme wao, mikopo yao na mashine zao hatuwezi kushindana nazo leo.

Kwa hiyo swali langu ni moja. Kamba na magunia ya katani yamo kwenye ile asilimia 3 au hayamo? Semina nzima hakuna aliyeligusa.

Na asiniambie mtu kwamba mikataba ikishakuja haikataliki. Mwaka 2016 Ulaya walitaka Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki iwafungulie asilimia 82.6 ya bidhaa zao katika EPA, ule mkataba wa biashara kati yao na sisi. Rais mstaafu Mzee Mkapa, Mungu amrehemu, aliupinga hadharani, na Novemba mwaka ule Bunge likasema tusisaini. Hatukusaini, na nchi haikufa. Kwenye mitumba, hapo tuliogopa. Marais wa Jumuiya walikubaliana 2016 kuiondoa taratibu, Marekani wakatishia kutunyima AGOA, mpango wao wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, sisi na wenzetu tukarudi nyuma. Rwanda ikasimama, 2018 ikaondolewa kwenye msamaha wa nguo.

Tena kuna la Horohoro, mpakani kwetu na Kenya. Kenya imeingia mkataba wake peke yake na Ulaya, unafanya kazi tangu Julai 2024, na ushuru wao utashuka hatua kwa hatua. Mpaka uko hapo tu, hata saa mbili hazifiki. Bidhaa ya Ulaya ikifungashwa upya huko Kenya na kupewa cheti cha uasilia, kinachosema imetengenezwa Afrika Mashariki, nani atakayeigundua? Wapeni watu wa forodha vifaa na idadi ya kutosha kabla hamjafungua milango mingine.

NYONGEZA: Ndugu aliyeniuliza hapo chini kama nataka tufunge mipaka, hapana. Binti yangu anapeleka machungwa ya Muheza Mombasa, mpaka ukifungwa hatuli. Ninachotaka ni kazi ya kusokota ibaki hapa. Korosho na kahawa zifungwe kwenye magunia ya katani yetu. Na waheshimiwa wabunge wa mkoa wa Tanga, ileteni orodha ya bidhaa zilizolindwa, iwe kwa Kiswahili, isomwe mkutanoni Ngamiani hapa mjini sote tukisikia. Kama kamba haimo, mtueleze nani aliyeitoa.