Mrejesho: nguo za mahafali ya binti yetu

Niliwauliza mimi na babake tuvae nini mahafali ya binti yetu, Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Ahsanteni sana! Mzee alivaa kanzu nyeupe, kofia ya vito (ile ya kudariziwa kwa mkono) na koti. Suti tuliiacha Lamu, na alipendeza kuliko wenye suti wote, wallahi. Mimi nilivaa dera na buibui jepesi. Aliyesema tusisafiri tumevaa nguo za sherehe alinena kweli: boti ya kuvukia kutoka Lamu hadi Mokowe, upande wa bara, hurusha maji ya chumvi, na basi hukunja nguo. Tulibadilisha kwa wifi yangu kulekule Kilifi. Kina mama, viatu viwe vya chini, visigino huzama kwenye nyasi. Picha ya joho na kanzu imetoka nzuri mno, babake keshaagiza fremu.