Naomba ushauri: nampeleka mama Muhimbili kwa treni ya SGR (reli ya kisasa), na hatujawahi kufika Dar es Salaam

Mleta uzi:
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Ninaishi Kondoa, na mama yangu, ambaye umri umekwenda na miguu inamsumbua, ameandikiwa rufaa ya Muhimbili. Kliniki yake ni Jumanne asubuhi. Hatujawahi kufika Dar es Salaam wala kupanda treni ya aina yoyote. Basi la moja kwa moja nimeliogopa kwa sababu mama hawezi kukaa muda mrefu bila kunyoosha miguu au kwenda msalani, ndiyo maana nikafikiria twende Dodoma kwa basi, kisha tuchukue treni. Mwenyeji wetu ni binamu yangu wa Gongo la Mboto, lakini anafanya kazi kwa zamu na huenda asiweze kuja kutupokea. Naomba mnieleze namna ya kupata tiketi, saa inayofaa kusafiri, na tutakavyotoka stesheni tukiwa wageni kabisa, maana hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi.

Mkazi wa Dodoma:
Pole sana kwa kuuguza, na mpe mama shikamoo yangu. Tiketi ikate mapema, kwa mtandao au dirishani, na majina yawe yaleyale yaliyo kwenye vitambulisho vyenu, kwa kuwa tiketi na kitambulisho huangaliwa pamoja. Safari za Dodoma zilipoanza Julai 2024, nauli ya mtu mzima kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Ihakiki upya siku ya kukata. Saa nazo zisome kwa makini, maana ikiandikwa 05:15 ni saa kumi na moja na robo alfajiri, wala si saa tano asubuhi, na treni hii haimsubiri mtu.

Kwa hali ya mama, nisingeshauri mtoke Kondoa na kupanda treni siku hiyohiyo. Njooni Dodoma Jumapili, mlale, kisha Jumatatu mchukue treni ya asubuhi ili mfike Dar es Salaam jua likiwa bado juu. Mkishuka stendi ya mabasi ya Nanenane, msimwambie dereva wa bajaji awapeleke "stesheni" tu. Mwambieni stesheni ya SGR, ile yenye jengo lililosanifiwa kwa mfano wa miamba ya Dodoma, kwa sababu stesheni ya reli ya zamani iko kwingine.

Msafiri wa mara kwa mara:
Nakazia hapo kwenye muda. Abiria huelekezwa kufika yapata saa mbili kabla ya treni kuondoka, na kwa mtu anayetembea taratibu muda huo si mwingi. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo kisu cha kumenyea matunda kibaki nyumbani, na zawadi za binamu ziwe chache, kwani treni hii haikukusudiwa kubeba magunia. Mkiona ngazi za umeme, msizipande. Nimeshuhudia bibi mmoja akisita kwenye kidato cha kwanza, mguu mmoja ukiwa umeshachukuliwa na mwingine umebaki nyuma, na ni kijana aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyemdaka. Ulizeni lifti.

Ndani mtakaa kwa namba ya behewa na ya kiti iliyo kwenye tiketi. Vyoo vipo, chakula kinauzwa, na mama anaweza kusimama na kutembea kidogo kwenye ujia, jambo ambalo basi haliwezi kumpa. Kiyoyozi ni kikali, hivyo awe na shali au kitenge karibu. Mtangulie kumweleza kwamba kabla ya Kilosa treni hupita kwenye mahandaki ya milimani, nje kukawa giza ghafla, asiyejua hushtuka. Safari nzima ni takriban saa nne.

Mwenyeji wa Pugu:
Kama binamu yuko Gongo la Mboto, kwa nini mwende hadi mjini halafu mrudi nyuma? Kuna stesheni ya Pugu, ambayo iko jirani kabisa na kwake. Hakikisheni tu kwamba treni mliyoikatia tiketi inasimama hapo, kwa kuwa za haraka huruka vituo vingi.

Mkazi wa Upanga:
Ndugu yangu wa Pugu ana hoja, lakini mgonjwa anatakiwa Upanga, iliko Muhimbili, Jumanne asubuhi. Kutoka Gongo la Mboto saa za watu kwenda kazini, kwa Barabara ya Nyerere, ni foleni ambayo mzee mwenye miguu mibovu hapaswi kuanza nayo siku ya kliniki. Stesheni ya mwisho iko katikati ya jiji na Muhimbili haiko mbali nayo. Shukeni huko, mlale nyumba ya wageni iliyo karibu na hospitali, na kwa binamu mwende baada ya daktari kumwona.

Mkifika, msitoke nje kwa haraka. Kaeni ndani ya jengo, uite gari kwa simu, ulinganishe namba ya gari na ile uliyotumiwa, ndipo mtoke. Atakayetaka kuwabebea begi akisema "twende, mama" mkatalieni kwa upole na msimfuate. Barua ya rufaa, kadi ya bima na majibu ya vipimo vya awali viwe kwenye mkoba unaoushika mwenyewe.

Mleta uzi:
Nawashukuru kwa moyo wote. Nimezungumza na mama na amekubali tulale Dodoma Jumapili, kisha tushukie mjini. Binamu ameahidi kututafutia chumba Upanga. Limebaki moja: kutoka mlangoni hadi kwenye behewa mama ataweza?

Msafiri wa mara kwa mara:
Ataweza, ila usingoje achoke. Mkifika tu, mweleze mhudumu wa mlangoni kwamba una mzee asiyeweza kutembea umbali mrefu, uombe msaada. Mkishaketi, mwambie na mhudumu wa behewa, na umkumbushe mkiipita Pugu, ili mama asisukumwe na wanaokimbilia kushuka.