Kijana kapata laiseni lakini hatari haioni, nimfundishe vipi? (Malindi)

bint_shela
Assalam aleikum ndugu zangu. Mtoto wa dadangu ana miaka 20, kapata laiseni mwezi uliopita, gari alijua, klachi, gia, kurivasi vyote sawa. Sasa juzi twaenda nae Gede, matatu imesimama yashusha watu na yeye kapita vilevile na sipidi yake, mtoto akachomoka mbele ya ile matatu, mimi ndo nilopiga ukelele akashika breki. Hakumgonga alhamdulillahi. Namuuliza hukuona? Ati "khalati, si njia ilikuwa nyeupe". Na kweli kwake ilikuwa nyeupe, hilo ndo lanitia hofu. Kwenye mtihani alisukuma kigari cha kuchezea juu ya ule ubao wa mji basi. Hili lafundishika ama ni miaka tu?

dereva_b8
Lafundishika khalati. Mimi niko matatu za Mombasa-Malindi miaka 14, mzee alonifunza alikuwa hanigusi usukani, kazi yake kunitaka nitaje kwa sauti nionacho na ntafanyaje. "Boda ile haijatazama nyuma, natoa mguu kwenye mafuta. Mbuzi kashavuka mmoja, wenziwe wafuata. Matatu imesimama, naangalia chini yake kama kuna miguu." Nikinyamaza yuajua siangalii. Mwambie afanye hivo mwendo mzima, mwanzo ataona haya, wiki mbili ishakuwa tabia.

mwl_gari
Naongezea hapo. Uingereza tangu 2002 mtihani wao una video, mwanafunzi abonyeza pale anapoona hatari yaanza kujitokeza, kwahivo jicho lapimwa kama mikono. Na umpe hesabu: kwenye 80 gari lakula mita 22 kila sekunde, manake akishtuka tu, kabla mguu haujafika breki, kashapita kama nyumba mbili tatu. Gari la mbele likipita nguzo ya stima ahesabu, akiifika kabla ya sekunde mbili amekaribia mno, mvua ikinyesha ziwe nne. Jioni njia ya Ganda jua lampiga usoni, apunguze hata kama aona kweupe.

tuktuk_barani
Mimi naona kuona peke yake haitoshi jamani. Kuna wenye magari watuona vizuri kabisa na mguu hawautoi, wapiga honi wapita. Mfundishe honi si breki. Na usiku usimwachie ile njia ya kando ya msitu wa Arabuko Sokoke mapema, baskeli hazina taa, waiona ukiwa umeshaifikia.

bint_shela
Shukran sana. Leo asubuhi tumekwenda Mambrui nae akitaja, mpaka daraja la Sabaki kanitajia vitu 9, mimi mwenyewe viwili sikuviona. Kurudi kulikuwa na lori limesimama, kapunguza bila kuambiwa, akasema "naangalia miguu".