Seti za nyongeza za modeli za meli za anga: mnatuuzia matatizo ndani ya bahasha

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaupamba. Wanaotengeneza seti za nyongeza (taa, bati za shaba, injini za rezini, yaani plastiki ya kumiminwa kwenye ukungu) wanazipima kwenye mchoro wa kompyuta, si kwenye plastiki iliyomo ndani ya boksi. Kosa likionekana, ganda limeshafungwa na gundi imeshakauka, na anayebeba mzigo ni fundi.

Tuanze na taa, maana huko ndiko kuna uozo. Bahasha ina LED nyeupe kadhaa, nyekundu mbili, waya, na kikaratasi kinachosema unganisha kwenye betri ya volti 9. Rezista, kile kipande cha kupunguza mkondo? Ama hakuna, ama ipo moja tu kwa taa zote zilizofungwa sambamba. LED nyeupe inataka kama volti 3.2, nyekundu kama 2. Zikikaa sambamba nyuma ya rezista moja, nyekundu inabeba karibu mkondo wote na nyeupe zinabaki giza. Mnunuzi anadhani taa ni mbovu, anafumua kazi nzima. Taa ni nzima, aliyeandika kikaratasi ndiye hakupiga hesabu: toa volti za LED kwenye volti za betri, gawanya kwa mkondo. 9 kutoa 3.2, gawanya kwa ampia 0.02 (miliampia 20), jibu 290, basi unachukua ohm 330. Kwenye volti 12 na nyeupe tatu kwa mfululizo inabaki 2.4, ambayo ni ohm 120, na ukiweka 150 unazipunguzia joto. Kila rangi na rezista yake. Hiyo ni mistari mitatu ya maandishi, na imewashinda.

Tena miliampia 20 ni nyingi mno kwa madirisha. Ohm 1,000 kwa kila LED kwenye volti 9 inatoa karibu miliampia 6, na inatosha kabisa. Ukizidisha, ganda lote linang'aa kama taa ya karatasi, kwa sababu plastiki ya modeli inapitisha mwanga. Dawa inajulikana: ndani piga nyeusi mikono miwili, ikikauka piga nyeupe au fedha juu yake. Nyeusi inazuia, nyeupe inarudisha mwanga. Ukiishia kwenye nyeusi, mwanga wote unamezwa na utaanza kuongeza LED bila sababu. Kwangua rangi kwenye kingo za kuungania, gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi. Kwenye mshono bandika utepe wa foili kwa ndani, shikiza nusu mbili kwa tepu, washa, zima taa za chumba, uangalie. Hakuna kikaratasi hata kimoja kinachosema ujaribu gizani kabla ya kugundisha!

Faiba nazo, zile nyuzi za kupitisha mwanga hadi kwenye madirisha. Unakuta seti ya meli ya 1/2700 (milimita moja ya modeli ni milimita 2,700 za meli) imewekewa faiba za milimita 0.75. Kwenye kipimo hicho mtu wa mita 1.75 ana urefu wa milimita 0.65. Faiba ya 0.75 inakupa dirisha la mita mbili kwenda juu, mtu anapita wima bila kuinama. Inayotakiwa ni 0.25, na hata hiyo ni dirisha la sentimita 67. Kisha wanakuambia uishike kwa supagluu. Supagluu inaifanya faiba iwe kavu kama kijiti, ukiikunja kidogo inakatika ndani ya tundu, na tundu hilo hulifikii tena. Tumia gundi nyeupe ya mbao au epoksi, kwa ndani tu. Acha sentimita moja ya faiba nje ya ganda, piga rangi zote, ndipo ukate kwa wembe mpya usawa na ganda. Ukikata kabla ya rangi, umeziba madirisha yako mwenyewe.

Na bati za shaba za kubandika kwenye sahani ya meli, ile sehemu yake ya duara! Bati bapa linakunjika upande mmoja, kama bomba au koni. Kwenye mgongo wa duara unaopinda pande zote mbili haliwezi kulala hata ulibembeleze vipi, lazima liwe na mikato ya kulegeza. Watu wanakata paneli nzima ya duara bila mkato hata mmoja, halafu wanaandika "inafaa bila marekebisho". Inafaa kwenye nini, kwenye meza?

#2

Umenena mkuu. Ongeza hili la wino wa mistari. Karatasi nyingi zinasema mimina wino wa enameli kwenye mistari ya paneli (ile iliyochongwa kwenye ganda), ufute. Hazisemi kwamba thina ya enameli ikiingia kwenye plastiki iliyobanwa, plastiki inapasuka. Modeli za kubana bila gundi ndizo zinaumia zaidi: kijiti kimesukumwa kwa nguvu kwenye tundu, ganda liko kwenye mvutano, thina inapenya, na baada ya saa chache mguu wa injini umeachia. Plastiki ya ABS ni mbaya zaidi kuliko polistirini, plastiki ya kawaida ya modeli.

Kinga: kabla ya kuunganisha, kata ncha ya kijiti kwa mshazari au panua tundu kidogo kwa biti, ili vipande vikae bila kulazimishwa, kisha tumia gundi. Piga vanishi ya kung'aa, iache ikauke kabisa, ndipo uweke wino kwa brashi nyembamba, tone moja kwenye mstari, uache utembee wenyewe. Usifurike.

Vanishi hiyo hiyo ndiyo sakafu ya stika za maji. Ukibandika stika juu ya rangi isiyong'aa, hewa inanaswa chini yake na inaonekana weupeweupe, na hakuna dawa ya kulainisha itakayoiondoa yote.

#3

Nakubaliana nanyi kwenye taa. Ila, mkuu mwanzisha uzi, usitutoe sisi wajenzi kwenye lawama. Nusu ya meli zinazoharibika zinaharibiwa na vikorokoro tunavyobandika wenyewe. Mtu anatoa vipande vya modeli za vifaru vya kijeshi vya 1/35, anavigundisha kila sentimita ya ganda kwa msongamano ule ule, halafu anashangaa meli inaonekana kama jalala. Mafundi wa Industrial Light & Magic, waliotengeneza meli za filamu ya Star Wars, miaka ya 1975 hadi 1977 walitumia vipande vya seti za vifaru na ndege kweli, lakini waliviweka kwenye mifereji, kwenye kingo na kuzunguka injini, na sehemu kubwa ya ganda wakaiacha wazi. Jicho linahitaji mahali pa kupumzika. Na kipande kisitambulike: kikate, kigeuze, kifiche nusu. Gurudumu la kifaru likionekana kuwa gurudumu la kifaru, basi ukubwa wa meli umekufa hapo hapo.

Mistari ya paneli pia. Watu wanachimba mitaro. Milimita 0.5 kwenye 1/350 ni pengo la sentimita 17.5, mguu wa mtu unazama. Tumia kichonga cha 0.15 au chini yake, tepu ngumu iwe rula, na upite mara nne au tano. Mpito wa kwanza usiwe na nguvu yoyote, uzito wa chombo chenyewe tu. Anayekandamiza mpito wa kwanza ndiye anayeteleza.

Ukiteleza usiweke puti laini. Ukichonga tena juu yake inamegeka ukingoni. Jaza kwa supagluu, piga msasa wa 400 kisha 800, uchonge tena siku hiyo hiyo kabla haijawa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka.

#4

Hakuna aliyegusa rezini? Vipua vya injini (midomo yake ya nyuma) vya rezini vinakuja vikiwa na mafuta ya kutolea kwenye ukungu, na karatasi iko kimya. Rangi inabanduka na tepu kama ngozi ya nyoka. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, piga praima (rangi ya msingi) ndipo rangi. Vilivyochapishwa kwa printa ya 3D kwa rezini inayoiva kwa mwanga ni hadithi nyingine: kikinata kidoleni hakijaiva, kirudishe kwenye spiriti kisha kwenye mwanga wa urujuanimno. Ukikipaka rangi kikiwa hivyo kinatoa jasho chini ya rangi.

Msasa upigwe kwa maji, na barakoa usoni. Vumbi la rezini si la kuvuta.

#5 – Mwanzisha uzi

#3, hoja ya vikorokoro naikubali, na nakuongezea: paneli za karatasi ya plastiki ya milimita 0.13 zinayeyuka ukizidisha gundi nyepesi. Gusa ukingo mmoja kwa brashi karibu kavu, gundi iingie yenyewe. Lakini hayo ni makosa ya mikono yetu na yanarekebishika. Kipande kilichopimwa vibaya kiwandani hakirekebishiki kwa ustadi. Kipua chenye kipenyo kilichozidi milimita moja kuliko tundu lake hakiingii, na ukilipanua tundu unaikuta mbavu ya ndani ambayo mchoraji hakuiona kwa sababu hakuwahi kufungua boksi.

#6

Swali kwa wote: waya zinatokea wapi? Seti nyingi za taa hazina jibu.

#7 – Mwanzisha uzi

Kwenye stendi, na hilo linaamuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Shikiza meli kwa tepu ikiwa na LED na waya zake zote ndani, iweke juu ya kidole mpaka ipate mizani, weka alama. Hapo ndipo pa kutoboa. Bomba la shaba la milimita 4 kwa nje lina nafasi ya waya nyembamba mbili na linabeba meli ya plastiki ya sentimita 30 bila shida. Ndani, lipitishe kwenye vipande viwili vya plastiki ya milimita 2 vilivyoachana angalau sentimita moja, vyote vimeshikwa kwa epoksi. Kipande kimoja tu kinageuka kuwa bawaba, na baada ya miezi pua inaanza kuinama. Lainisha mdomo wa bomba kwa tupa ndogo kabla ya kupitisha waya. Ukingo mkali unachuna ngozi ya waya, waya unagusa shaba, na kama ni zote mbili zimechunika, umepata shoti ndani ya ganda lililofungwa.