Anatanua tundu la spesa kwa GRAINDA halafu mimi ndiye mjinga?

Nati Kavu
Wakuu, fundi huyu simtaji jina. Hakuna haja. Kuanzia Kisongo hadi Usa River mnamjua, na kama humjui subiri upepo ugeuke, grainda yake inasikika mpaka Mererani.

Leo mchana, mbele ya kijiwe kizima, kashika spesa mpya za milimita 20, vile vipande vya alumini vya kuweka kati ya habu na rimu ili tairi litokeze nje, bado zina harufu ya nailoni. Haziingii kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, ya Toyota Crown. Mtu mwenye kichwa angejiuliza kwa nini haziingii. Yeye kawasha grainda. KAWASHA GRAINDA. Akaanza kulitanua tundu la kati kwa macho, ulimi nje, unga wa alumini umemjaa mpaka kwenye nyusi. Na alumini haisagwi kwa jiwe la chuma, inaganda kwenye jiwe, jiwe linaacha kukata na kuanza kuchoma. Hilo nalo halijui.

Nikamwambia kwa adabu zote: kaka, habu ya Crown ni 60.1, hiyo spesa tundu lake ni 56.1, ni ya Subaru STI, irudishwe dukani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeongea. Akasema:

"Milimita ni za kupimia mvua, kijana."

Kijiwe kikaanguka. Mpaka muuza kahawa alicheka. ZA KUPIMIA MVUA.

Sasa nisaidieni. 5x114.3 ni matundu ya nati tu, nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3. Subaru STI za kuanzia 2005 wanayo, Nissan wanayo, Honda wanayo, Toyota kibao wanayo. Tundu la kati ni habari nyingine: STI 56.1, Toyota 60.1, Honda 64.1, Nissan 66.1. Tundu la kati ndilo linaloliweka gurudumu katikati ya habu, nati kazi yake ni kubana. Ukilitanua kwa mkono, upande huu unakula milimita 2.5, ule 1.5, gurudumu linazunguka kama yai. Usukani utaanza kutetemeka ukifika 80, mwenye gari atakimbilia balansi, na mashine itamwonyesha sifuri sifuri, maana balansi inapima tairi na rimu, spesa imebaki kwenye gari! Atabadilisha tairi, atabadilisha tairodi, atabadilisha na mganga.

Na yeye bado anapima mvua.

Chalii wa Ngarenaro
Uzi hauna picha. Chai hii.

Mzee wa Jeki
Mkuu, umelia kurasa mbili kwa sababu muuza kahawa kakucheka. Pole.
Ila umesahau kubwa kuliko hilo. Spesa ya STI imekuja na stadi zake, yaani bolti za kufungia nati, na Subaru ni M12x1.25: unene milimita 12, jino hadi jino milimita 1.25. Nati za Crown ni M12x1.5. Je, aliifunga?

Nati Kavu
ALIIFUNGA. Nati iliingia mizunguko miwili kwa mkono ikakwama. Akaenda kuchukua bunduki ya upepo. Nikafumba macho. Mlio wenyewe ulikuwa unalia "nisamehe".
Halafu ananiambia milimita ni za mvua.

Mzee wa Jeki
Basi hiyo tayari. Meno yameshakatwa, ya nati na ya stadi. Inakaza vizuri kabisa, mkononi unasikia imeshika, kumbe imeshika kwa takataka za chuma. Ikipata joto na matuta inalegea. Ningekuwa mwenye gari nisingefika hata Tengeru.

Spana Kumi na Tisa
Na hata angelitanua tundu kwa mashine ya kuchongea vyuma, likatoka 60.1 safi, bado. Spesa ina mdomo wa nje unaoingia kwenye tundu la rimu. Mdomo wa ile ni 56.1, rimu ya Crown ni 60.1. Rimu inaning'inia kwenye nati tupu. Kwa hiyo kazi yote ya grainda ilikuwa ni kwaya.

Chalii wa Ngarenaro
Nauliza tena picha.

Bi Habu
Mnacheka tu, hakuna anayesema iliyo sahihi. Andikeni mahali.
Kwanza pima kama unaihitaji. Gari likiwa chini na mzigo wake wa kawaida, ning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa madigadi, pima kutoka kwenye uzi hadi ubavu wa tairi. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo nje. Kata usukani wote kulia, kisha kushoto, angalia tairi litagusa wapi. Soma ET nyuma ya rimu, ndiyo ofseti, milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu: ET45 ukiweka spesa ya 20 unakuwa ET25, na upana unaongezeka 40 kwa ekseli nzima, si 20. Beringi ya habu inahisi hilo, na usukani unaanza kuvutwa kwenye mashimo.
Za 3 na 5 hazina stadi, zinatumia za gari. Hesabu mizunguko ya nati kwa mkono: M12x1.5 isipungue 8, M12x1.25 isipungue 10. Haifiki? Weka stadi ndefu au achana nayo.
Zenye stadi zake anzia 20. Ukichukua 15, pima stadi za gari zinavyotokeza kwenye habu; zikizidi unene wa spesa zinagusa mgongo wa rimu, spesa haikai bapa, nati zinakuwa zinabana hewa. Zipo rimu zenye vishimo nyuma, hizo zinasamehe.
Habu isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe. Kipande cha kutu kimoja tu kinatosha kupindisha. Grisi kidogo sana kwenye mdomo wa habu, kamwe si kwenye stadi. Nati za spesa kwa nyota, yaani ukaze kwa kurukia upande wa pili, na spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, 103 Nm kwa Crown. Weka rimu, tena kwa nyota, 103. Ukitembea kilomita 50 hadi 100 toa tairi, kaza nati za NDANI. Watu wanakaza za nje na kujiona wametimiza wajibu.

Mzee wa Jeki
Ongeza: nati za rimu orijino za Toyota zina shingo na washa bapa, kile kipete cha chuma. Rimu za spoti nyingi zinataka koni ya digrii 60. Ukichanganya, nati inagusa kingo tu.

Mangi wa Pasua
Nyie Arusha mnalia na grainda? Mna spesa nyie. Huku Moshi yupo mmoja, naye simtaji, anapanga WASHA. Washa nne kila stadi, kati ya habu na rimu. Gurudumu limekaa juu ya vijinara vitano. Ukimuuliza anasema "zinapitisha hewa breki zisipate moto". Mtu anashuka daraja la Kikafu na kitu hicho.

Nati Kavu
Mangi, angalau wa kwenu hajakuambia milimita ni za kupimia mvua.

Mangi wa Pasua
Hajaniambia kwa sababu hajui milimita ni kitu gani.

Chalii wa Ngarenaro
Moshi mlete gari zenu Arusha zitengenezwe, tumezoea.

Mangi wa Pasua
Kwa yule wa grainda?

Dereva wa Porini
Nyote mnacheza na vigari vya mjini. Ongeleeni Land Cruiser 70 za V8. Toyota walipanua ekseli ya mbele 2007 ili injini iingie, nyuma wakaiacha ilivyokuwa. Nyembamba karibu milimita 95. Kwenye tope tairi la nyuma linajichimbia njia yake, gari linachoka mara mbili. Kila kampuni ya watalii ina fundi wake mwenye dawa: huyu spesa za 47, huyu rimu za ofseti nyingine, huyu anasema mwache Mungu afanye kazi. Na gari lina mzigo wa tani.

Spana Kumi na Tisa
47 nyuma na mzigo ule? Beringi utazinunua kwa kilo. Rimu zenye ofseti nayo ni mkono uleule kwa beringi, ila angalau umeondoa safu moja ya nati za kulegea. Na hizo ni 5x150, M14x1.5, asije mtu akawafungia za Prado. Prado ni 6x139.7.

Bi Habu
Mimi ugomvi wangu ni bunduki ya upepo. Iwe marufuku kwenye rimu za alumini. Wanakaza mpaka stadi inavutika, siku ya pancha porini unakanyagia spana kwa miguu miwili na haitoki.

Dereva wa Porini
Inatoka. Inatoka na stadi.

Mwana Sakina
Tukiwa hapo, tairi za mtumba nazo. Wanazipaka rangi nyeusi zinang'aa, ukigeuza DOT inasoma 2414. Yaani limetengenezwa wiki ya 24, mwaka 2014. Muuzaji anakuapia ni namba ya kontena.

Chalii wa Ngarenaro
Hahaha ya kontena!! Hii sasa ndiyo ingekuwa uzi.

Nati Kavu
Jamani, turudi kwenye mada. Grainda.

Mwana Sakina
Mada gani? Kuna mwenye rimu 17 za Harrier, 5x114.3, hazijachomelewa? Niko Sakina, naweza kuzifuata leo.

Mangi wa Pasua
Ninazo nne. ET35, tundu 60.1, moja ina mkwaruzo wa ukingo. Njoo Moshi na hela yako.