Bolti ya springi imegoma (kikundi cha familia, Jumamosi)

Shabani: Assalaam aleikum. Mjomba Rajabu shikamoo. Nani ana bomba refu la kuongezea spana? Nainua Hilux nyuma, naweka springi zenye upinde mkubwa. Yuboliti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, zimetoka, lakini bolti ya jicho la mbele la springi imegoma kabisa.

Dada Zuhura: Kumbe ndiyo hizo nyundo tangu alfajiri! Mtaa mzima umeamka.

Mjomba Rajabu: Marahaba. Gari limekaa juu ya nini?

Shabani: Jeki mjomba. Na tofali.

Mjomba Rajabu: Toka chini ya hilo gari sasa hivi. Tofali la saruji likipasuka halikupi taarifa. Kaazime stendi mbili za chuma za kubebea gari, ziweke chini ya chesisi. Tairi za mbele zitie kabari. Ukimaliza tuma picha, ndipo tuongee.

Mama: Msikilize mjomba wako.

Binamu Idi: Shabani pole. Huku Minnesota wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, magari yanaoza kwa chini. Sasa lako limebeba samaki Pangani miaka yote, chumvi ni ileile tu 😂

Shabani: 📷 Stendi hizo mjomba. Ekseli nimeibeba kwa jeki, isije ikaning'inia kwenye mpira wa breki.

Mjomba Rajabu: Safi. Nati imetoka?

Shabani: Nati imetoka, tena kirahisi. Bolti ndiyo haitoki. Nikiigeuza inakwenda robo, nikiachia spana inarudi yenyewe.

Mjomba Rajabu: Basi usihangaike na meno ya bolti, kutu haiko huko. Ndani ya jicho la springi kuna bushi: kibomba cha chuma kilichozungukwa na raba. Bolti imeshikana kutu na hicho kibomba. Ukigeuza unakunja raba tu, na raba inakurudishia. Hata ukiwa na bomba la mita mbili utakesha.

Shabani: Niliimwagia mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha.

Binamu Idi: Yaliingia kwenye nati, ndiyo maana ikatoka. Katikati ya bushi hayafiki.

Shabani: Basi nimwite wa gesi aipashe moto?

Mjomba Rajabu: HAPANA. Tangi la mafuta liko wapi hapo? Na raba ikishika moto inatoa moshi mbaya, kuizima kazi. Moto ni kwa nati iliyogoma mahali pa wazi, na unapasha nati, si bolti. Nati inatanuka, inaachia. Hiyo yako ni ya kukata.

Shabani: Kukata bolti??

Mjomba Rajabu: Ndiyo. Springi ya zamani unaitupa, mpya si imekuja na bushi zake? Sasa unamwonea huruma nani? Tia mtaimbo kati ya bushi na sikio la chesisi, sukuma upate upenyo. Ingiza diski nyembamba ya milimita moja, kata upande huu na upande ule. Springi itashuka na kipande cha bolti tumboni mwake. Vaa miwani, weka ndoo ya mchanga karibu, na cheche zielekee mbali na tangi.

Mama: Shabani, beseni langu la kufulia lina mafuta meusi. Nani kalichukua?

Dada Zuhura: 👀

Mama: Naona mmesoma wote. Sawa.

Shabani: IMETOKA! Mjomba Mungu akuweke. 📷 Oneni bolti ilivyoliwa katikati.

Binamu Idi: Hiyo hata ingetoka nzima usingeirudisha.

Mjomba Rajabu: Sasa dukani nenda na hivyo vipande wapime unene na meno. Soma namba ya nguvu kwenye kichwa cha ile ya zamani: kama imeandikwa 10.9, chukua 10.9. Wakikupa 4.8 ya kufungia geti, rudisha. Yuboliti nazo nunua mpya, zilizokwisha kuvutwa hazikazi tena vizuri.

Shabani: Na ya upande wa pili?

Mjomba Rajabu: Nati ikikataa, ikaze kwanza kidogo, ndipo ulegeze, nenda rudi. Tumia soketi ya pembe sita, ya pembe kumi na mbili inakula kona za nati. Ukipiga nyundo, acha nati iwe sawa na ncha ya bolti usiharibu meno.

Mjomba Rajabu: Na hili vijana wa gereji wengi wanaliruka: bolti mpya ipake grisi mwilini, iingize, lakini usiikaze mpaka gari lishuke likae kwa tairi zake. Ukikaza likiwa juu, bushi zinabaki zimejikunja na zinachanika upesi. Yuboliti uzikaze tena baada ya kilomita mia chache.

Binamu Idi: Na uangalie mpira wa breki wa nyuma usivutike, gari sasa limepanda. Taa za mbele pia zitakuwa zinatazama chini.

Shabani: Poa. Naenda dukani kabla hawajafunga.

Mama: Pitia na beseni jipya. Kubwa.